Kitabu cha Reli na Mama Zangu Wawili

Mama alishuka kutoka juu ya lori la samaki asubuhi moja ya wiki ileile ambayo Lubumbashi nzima ilikuwa inabishana juu ya hukumu ya bima ya afya. Alikuwa ametoka Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa, siku tatu njiani, amekaa juu ya magunia ya samaki wakavu. Nilimwita. Akageuza uso na kutabasamu, lakini alitabasamu upande ambao sikuwepo. Nikajua kwamba jirani yake aliyekuwa akinipigia simu hakutia chumvi juu ya macho yake.

"Naona bantu kama beko mu mayi," aliniambia nilipomshika mkono. "Banapita, banapita, lakini sura haionekane."

Ulikuwa msimu wa mijakaranda. Barabara ilifunikwa na maua ya zambarau, na mama, aliyevua viatu kwa sababu miguu ilimvimba njiani, aliyakanyaga polepole huku akiuliza ni kitu gani laini hivi. Nikamwambia ni maua. Akasema kumbe watu wa mjini tumetajirika hadi tunatandika maua chini. Alicheka, nami nikacheka. Nilimkasirikia kwa kukaa miaka miwili bila kuniambia ukweli, na nilijikasirikia zaidi mimi mwenyewe kwa kutokwenda kumwangalia.

Hukumu yenyewe ilikuwa hivi. Sheria ya bima inasema kadi ya mfanyakazi inamtibu yeye, mwenzi wake, watoto wake na wazazi wake. Watu fulani walikuwa wamekwenda mahakamani kulalamika kwamba ofisi za bima zinadai cheti kwa kila jina, na kwamba kwetu ukoo haukai kwenye karatasi. Mahakama huko Kinshasa ikajibu, kama redio zilivyotueleza, kwamba sheria inasimama: mzazi ni yule aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Maneno ya mdomo hayatoshi, mashahidi wa mtaani hawatoshi, na vile vitabu vya zamani vya migodi na reli, vilivyoandikwa familia za wafanyakazi, navyo havitoshi. Mwenye cheti chenye kasoro aende kwa hakimu akirekebishe.

Basi mji ukawaka. Kwenye kona moja ya katikati ya mji, muuza magazeti huyaning'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na wanaume husimama mbele yake tangu asubuhi, wakisoma kurasa za kwanza bila kununua na kubishana. Tunawaita wabunge wa kusimama. Wana spika wao, mstaafu mwenye koti la kijivu, na ukitaka kusema unainua kidole. Wanawake wengi hupita zao. Mimi sipiti. Nafundisha jiografia shule ya sekondari, nimezoea kusikilizwa, na nikiona watu wazima wanabishana ovyo ulimi unaniwasha.

Siku mbili kabla mama hajafika nilikuwa nimesimama pale.

"Kuzala haiko kazi, kazi ni kulea!" alisema kijana mmoja mwenye mkoba wa vitabu. "Mahakama haiyue ile?"

"Uchungu wa mwana anauyua muzazi," akajibu mzee mmoja. "Kama kila mulezi ni muzazi, basi miye niko baba ya mutaa muzima."

Walicheka. Nikainua kidole, na yule wa koti la kijivu akanipa nafasi. "Cheti ni cheti!" niliwaambia. "Ku shule yetu kuko balimu benye kuwa na ba mama batatu mu kadi. Mugonjwa wa kweli anafika, dawa zimeisha. Mahakama imesema muzuri!"

Walinipigia makofi. Spika akasema nikigombea ubunge wa kukaa atanipa kura. Nilirudi mtaani kwetu Hewa Bora nimevimba kichwa, nikamsimulia yote mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama, alimtangulia kuzaliwa kwa miaka minane hivi. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na tangu alipofariki, mama mkubwa anaishi nami. Ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake anazipata kila mwezi kwa kadi yangu. Wakati ule alikuwa amekaa uani anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kuchambua.

"Na ile buku ya reli," aliniuliza, "haina tena kazi?"

"Haina."

"Ah," alisema, akatupa kijiwe.

Siku za kwanza baada ya mama kufika ninazikumbuka kama usingizi wa mchana. Joto lilikuwa zito, mvua ilikuwa inajitayarisha bila kunyesha, na hao ndugu wawili walikaa juu ya mkeka mmoja kutoka asubuhi mpaka jua lilipohamia ukuta wa jirani. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole tu, na hakukosea. Ndege zinazotua Luano hupita juu ya nyumba yetu, na kila moja ilipopita mama aliinua macho yake meupe.

"Ile ndeke inatoka wapi?" aliuliza.

"Inatoka Kilwa," mama mkubwa alimjibu. "Imeleta samaki zenye ulisahau."

Walikuwa wakicheka wawili kama wasichana waliotumwa kuteka maji wakachelewa. Nikitoka shuleni nilikuwa najikalisha karibu nao na vitabu vya kusahihisha, sisahihishi kitu. Nasikia habari za ziwa, za mashua za baba yangu, za mtu aliyekufa na mwingine aliyeoa. Sauti zao zilifanana sana hivi kwamba nikifumba macho sikujua ni nani anayesema. Nilikuwa na furaha siku hizo, nasema wazi, furaha ya mtoto aliyeshiba.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bado yanafaa kupasuliwa, ila tusichelewe, maana jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuharibika kwa jambo lingine ambalo sikulielewa vizuri. Kadi yangu ingetosha kwa kila kitu. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwandikisha mama kama mzazi wangu, jambo la dakika kumi.

Kijana wa ofisi ya bima alikuwa mpole. Aliandika namba yangu, akatazama kioo cha kompyuta, akakitazama tena.

"Madame, mama yako iko tayari humu," alisema, akanigeuzia kioo. Lilikuwa jina la mama mkubwa.

"Huyu ni mama yangu mukubwa."

"Cheti yako inasema huyu ni mama yako. Na sasa, na ile hukumu, siwezi kufuata kitu kingine."

Nilifungua kinywa nimkaripie. Nikakifunga. Ni vigumu kueleza jinsi mtu anavyoweza kusahau jambo kama hilo. Sikuwa nimelificha. Lilikuwa limekaa maishani mwangu kama kovu la goti, ambalo hulioni mpaka upige magoti.

Nilikuwa na miaka minne. Kilwa nilishikwa na homa ya degedege, na mama akanibeba mpaka Lubumbashi. Baba alikuwa mvuvi, hakuwa na kampuni ya kumtibu. Lakini mume wa mama mkubwa alikuwa na kitabu cha reli, kile ambacho kila jina lililoandikwa ndani yake lilitibiwa kwenye hospitali ya wafanyakazi. Aliniandikisha siku ileile, chini ya majina ya watoto wake wengine watano, na miaka ilipopita cheti changu cha kuzaliwa kikatengenezwa kufuata kitabu. Hakuna aliyeona kosa. Mwana wa mdogo wako ni wako, kwa nini afe kwa kukosa mstari? Watu wengi wa reli walifanya hivyo, na nadhani karani aliyeandika alijua vizuri, maana naye alikuwa na ndugu.

Mlangoni mwa hospitali mlinzi alisoma kitabu. Mama mkubwa aliingia nami mgongoni. Mama hakuwa kitabuni, kwa hiyo alibaki nje.

Kitanda changu kilikuwa kando ya dirisha. Kila nilipozinduka nilimwona amesimama upande wa pili wa lango, na kitenge cha njano. Homa ilikuwa inanichezea. Mara nyingine niliona kitenge peke yake, hakuna mtu ndani yake, kinaelea juu ya vumbi. Mara nyingine niliona wamama wengi wa njano wamejipanga mpaka mwisho wa barabara. Kwa miaka mingi nilidhani niliota. Nilipokuwa mkubwa ndipo mama mkubwa aliponiambia kwamba mdogo wake alisimama pale siku sita, akala akiwa amesimama, na nilipopona akarudi Kilwa, akaniacha nisome.

Sasa nilikuwa barabarani mbele ya ofisi ya bima na karatasi mkononi, mimi niliyepigiwa makofi. Wale walimu niliowasema pale kona, wenye mama watatu kwenye kadi, nilikuwa mmoja wao tangu nikiwa na miaka minne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililia kwa hasira, na mwanamke aliyekuwa anauza mandazi akanipa kiti.

Njia ilikuwa moja: kwenda kwa hakimu, kufuta jina la mama mkubwa kwenye cheti na kuandika la mama. Tangu hukumu, kadi ina nafasi ya mama mmoja tu. Macho ya mama yangepona na dawa za mama mkubwa zingekatika. Niliwaambia wote wawili pale mkekani, bila kuzungusha, kwa sababu sijui kuzungusha.

Mama alijibu kwanza. "Ule mutoto nilimupatia yaya," alisema, akimaanisha dada yake mkubwa, kana kwamba mimi sikuwepo. "Siwezi kumurudisha juu ya macho. Macho ni yangu, yakae vile."

"Mama, utakuwa kipofu!"

"Niko kipofu tayari. Naona muzuri tu."

Niligombana naye siku mbili. Nilimwambia ni mbishi, nilimwambia maneno mengine ambayo nayajutia. Hakukasirika. Alikuwa akigeuza kichwa kufuata sauti yangu, na tabasamu lake lilikuwa linanikosa kidogo kila mara. Mama mkubwa hakuingilia. Siku ya tatu alitoka chumbani amevaa kitenge chake cha kanisani, yuko tayari na mkoba wake.

"Twende kwa juge," alisema. "Wote watatu."

Mahakamani tulikuta umati. Tangu hukumu ile, kila mwenye cheti cha mashaka alikuwa amekuja kukinyoosha, na wabunge wa kusimama walikuwa wamehamia pale kufuata mambo kwa karibu. Walijaza mabenchi ya nyuma. Yule wa koti la kijivu aliponiona aliinua kidole kunisalimu, na mimi niliinamisha uso.

Zamu yetu ilifika karibu na saa sita. Hakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, amechoka. Alisoma maombi yangu, akauliza ni nani kati ya hao wamama aliyenizaa.

"Ni yeye," alisema mama, akinyoosha mkono kwa dada yake, ila mkono ulielekea dirishani. "Huyu ni mutoto wa yaya. Miye niko mama yake mudogo."

"Anadanganya," alisema mama mkubwa. "Ni wake. Angalia pua yake."

"Pua ni ya babu yetu. Ni mutoto wa yaya!"

Hakimu alivua miwani. Nyuma yetu sauti ya koti la kijivu ikasema, si kwa kunong'ona, "Mufalme Solomono alipata banamuke bawili benye kuvuta mutoto. Hawa banamusukuma!" Chumba kizima kikacheka, hata askari. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama mkubwa alingoja kicheko kiishe. Akafungua mkoba, akatoa kile kitabu cha reli, jalada lake limekuwa laini kama ngozi, akakiweka juu ya meza ya hakimu.

"Juge, huyu sikumuzala," alisema. "Na bale batano sikubazala. Tumbo yangu haikupata mutoto ata siku moya. Bote sita benye kuwa humu beko bana ya bandugu. Mutaa muzima unaniita mama ya bana sita, na miye nilinyamaza. Leo nimesema. Andika jina la mudogo wangu."

Kicheko hakikurudi. Nje mtu alikuwa anafagia maua. Nilijaribu kuwafikiria hao watano, kaka na dada zangu, wanaoishi Likasi, Kolwezi na huku, ambao siku zote niliwaonea wivu kidogo kwa kuwa wao ni wa tumbo lake na mimi ni wa kitabu. Kumbe wote tulikuwa wa kitabu. Na niliwaza Hewa Bora, mahali ambapo mwanamke akijifungua huleta mtoto kwanza mikononi mwa mama mkubwa, kwa sababu inajulikana kwamba alizaa sita na hakuzika hata mmoja. Wahenga husema mficha uchi hazai. Yeye aliuficha maisha yake yote, akaufunua akiwa mzee, mbele ya watu wanaocheka.

"Yaya," mama alisema. Alikuwa analia, na machozi yalitoka kwenye yale macho meupe kama kwenye macho ya mtu yeyote. "Yaya, nilikuambia unyamaze."

Ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya degedege, alijua kila likizo aliponipandisha lori la kurudi mjini, na ubishi wake wote pale mkekani haukuwa wa macho. Hakutaka kumnyang'anya mtoto dada ambaye hakupata hata mmoja wa tumbo lake.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akaamuru jina la mama liingie kwenye cheti. Hakumkemea mtu. Tulipotoka, mama mkubwa mbele na mama ameshika ncha ya kitenge chake, wale wabunge waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walisimama. Yule wa koti la kijivu alivua kofia. Hakuna aliyeinua kidole.

Siwezi kusema mahakama ilikosea. Dawa hazigawiwi kwa kila anayesema ni ndugu, nilisema hivyo pale kona na bado naamini. Lakini siku hizi wakinipa nafasi ya kusema naanza kwa kuwauliza ni nani aliyewabeba utotoni mpaka hospitali, na mjadala unachelewa sana kuanza. Dawa za sukari tunazinunua wenyewe, sisi sita. Kaka yangu wa Kolwezi alipopata habari aliniuliza kwenye simu kama mama amekula, akimaanisha mama mkubwa.

Mama alipasuliwa jicho la kulia kabla ya Noeli. Hospitali ilikuwa na utaratibu wake: saa za asubuhi wanaingia tu wenye jina kwenye kadi ya mgonjwa. Mimi niliingia. Mama mkubwa alibaki langoni na kikapu cha chakula, akaniambia nisihangaike, yeye amezoea kungoja.

Muuguzi aliondoa bandeji. Mama alikaa kitandani, akatazama mikono yake pande zote mbili, akatazama shuka, akatazama kwa makini sana kikombe cha plastiki. Halafu alinitazama mimi. Hakunikosa.

"Uko na mvi," alisema, akacheka mpaka muuguzi akamwomba asijitikise. Nilimshika uso.

"Yaya iko wapi?"

Sikutaka kusema. Nilitazama dirishani bila kukusudia, naye akafuata macho yangu. Aliinuka, akaja akasimama karibu nami. Chini, upande wa pili wa lango, mama mkubwa alikuwa amesimama kati ya watu wanaongoja, na kitenge chake cha kanisani, kikapu kichwani. Hakujua dirisha letu ni lipi. Alikuwa anayatazama yote, moja baada ya lingine.

Mama alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akatafuta ndala zake chini ya kitanda, akazivaa. Muuguzi alimwambia bado hajaruhusiwa kutoka. Mama alimwambia ndiyo, mwanangu, nimesikia, akaondoka. Mwanzoni aliweka kiganja ukutani kama alivyozoea, halafu niliona anakiondoa. Nilimfuata kwa macho kutoka dirishani: alivuka uwanja peke yake, akasema neno na mlinzi, mlinzi akamfungulia.

Walisimama bega kwa bega nje ya lango. Mama mkubwa alishusha kikapu, akatoa bukari, ule ugali wetu, na samaki, na mlinzi akaja kuwaambia kwamba mwenye kadi anaweza kurudi ndani. Mama alinawa mikono, akakaa chini karibu na dada yake, na hakurudi mpaka sahani ilipokwisha.